Redio ikikoroma bila stesheni, pima ofseti kabla ya kung'oa kitu

Vijana wa hapa Kigoma wanaojiundia redio za kupokea moja kwa moja, zile ambazo mikisa, yaani sehemu inayochanganya mawimbi, hutoa sauti bila hatua ya kati, hukimbilia kubadilisha ampilifaya sauti inapokwama. Nawasihi: pimeni kwanza ofseti, yaani volti ya DC inayojitokeza kwenye njia ya sauti hata pasipo stesheni.

Chanzo chake kikubwa ni osileta, yaani sehemu inayotengeneza mawimbi ndani ya redio yenyewe. Mawimbi yake huvuja hadi upande wa antena, hurudi ndani ya mikisa na kukutana na yenyewe. Masafa mawili yaliyo sawa yakichanganywa, tofauti yake ni sifuri, na hiyo ndiyo DC. Milivolti 3 zikikuzwa mara 1,000 zinakuwa volti 3. Kwenye saketi ya volti 5 iliyowekwa katikati kwa 2.5, ampilifaya imeshagota ukutani, haiwezi kupanda zaidi.

Usipime kutoka hasi. Wengi wetu tunatumia betri ya sola, na kama saketi haina regyuleta, yaani kifaa kinachoshikilia volti zisibadilike, betri ikishuka jioni ile volti ya katikati, nusu ya volti za betri, inashuka nayo. Utadhani ofseti imebadilika kumbe ni betri. Ncha moja ya mita iwe kwenye volti hiyo ya katikati, nyingine kwenye pato la mikisa, kabla ya kapasita, ambayo huzuia DC. Baada ya kapasita hutaona kitu. Tumia skeli ya milivolti 200, na gusanisha ncha kwanza uone kama mita yenyewe inasoma sifuri.

Acha redio ipate moto. Toa antena, weka rezista ya omu 50 mahali pake, kisha soma osileta ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Kinachobaki ikiwa imezimwa ni cha saketi yenyewe. Kinachoongezeka ni uvujaji. Ukirudisha antena na namba ikacheza kila unaposogeza mkono karibu na waya, uvujaji unatoka nje na kurudi. Hapo funika osileta kwa kisanduku cha bati kilichounganishwa na hasi.

Kwa maongezi ya kawaida, ambayo huanzia kama hezi 300, kapasita baada ya mikisa inatosha. Kwa anayepokea data kwa kompyuta, kapasita itakata ishara iliyo karibu na sifuri. Huyo apime njia zote mbili za ishara zinazoingia kwenye kompyuta, ziitwazo I na Q, kila moja peke yake kwa sababu ofseti zake hazilingani, kisha aipe programu kazi ya kutoa wastani wa kila njia.