Ajali au kaunguzwa?

Dada muuguzi uliyeuliza utajuaje kama mtoto aliyeungua maji ya moto kapata ajali au kaunguzwa makusudi, anza na umbo la jeraha. Aliyejivutia sufuria huungua usoni, shingoni, kifuani, mabaka yakiwa shaghalabaghala. Aliyetumbukizwa huungua miguu yote miwili sawasawa, mpaka wa jeraha umenyooka kama amevaa soksi. Kisha pima maelezo: mtoto wa miezi 3 atatambaaje hadi kwenye beseni? Kuchelewa kumleta nako kunatia shaka, ingawa nauli nayo hukwamisha watu, usihukumu haraka. Mtibu kwanza, andika maneno ya mzazi kama alivyoyasema, mwite afisa ustawi wa jamii. Kwa Tanzania, 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, hupigwa bure.