AC "haizimi", "haizimwi" au "haizimiki"?

SWALI: Mwalimu, salaam. Nimepanga nyumba hapa Entebbe, chumbani kuna AC. Juzi usiku nilibonyeza rimoti kuizima, yenyewe ikaendelea kupuliza tu. Nikamwandikia fundi wetu, kijana wa Mombasa: "AC haizimi." Akajibu: "Mshukuru Mungu dada, za wenzio zinazima kila saa." Nikaandika tena: "Nasema AC haizimwi!" Akauliza: "Kwani nani kakataza?" Mwishowe niliikata kwenye swichi ya ukutani nikalala. Nilikosea wapi? Kwa Kiganda nisingepata taabu hii.

JIBU: Nnyabo, sarufi yako haina kasoro. Fundi naye alisoma ulichoandika (ingawa nahisi alikuwa anakutania kidogo). Wa kulaumiwa ni kitenzi chenyewe.

Kwenye kuwasha, Kiswahili kina maneno mawili: taa inawaka, mtu anaiwasha. Washa imezaliwa na waka, na kila moja inajua kazi yake. Huyo waka, kwa njia, ni ndugu wa damu wa "yaka" ya Kiganda, ile iliyoipa jina mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Lakini tukifika kwenye kuzima, neno ni moja na kazi ni mbili. "Nimezima taa", hapo mtu katenda. "Taa imezima", hapo imejifia yenyewe. Kiganda hakikuachi njia panda namna hiyo: taa kufa ni okuzikira, kuiua ni okuzikiza, mashine kutoka kwenye kazi ni okuvaako, kuitoa ni okuggyako. Ndiyo maana uliona neno limepungua. Ni kweli limepungua.

Sasa soma "AC haizimi" kwa jicho la fundi. Mashine isiyozima ni mashine isiyokata katikati ya kazi. Jenereta tunaisifu hivyo hivyo: "Hii haizimi, hata ukiiwasha kutwa." Kwa mtu ambaye simu zake zote ni za mashine zilizokufa, ujumbe wako ulikuwa habari njema.

"Haizimwi" ndiyo iliyoharibu zaidi. Kutendwa kwa kukanusha, katika wakati wa mazoea, husikika kama sheria: mlango huu haufungwi, maji haya hayanywewi. Kwa hiyo "AC haizimwi" ni tangazo la mwenye nyumba, na swali la fundi lilikuwa halali kabisa.

Neno ulilolitafuta ni haizimiki. Kile kiungo -ik- kinasema umejaribu na kitu hakikubali, kama kifuniko kisichofunguka. Angalia tu kwamba "imezimika", bila kukanusha, haina habari ya kujaribu. Ni kusema imekufa, basi. Au sema kama tunavyosema sote kuhusu magari na simu: "AC imekataa kuzima." Hilo nalipenda zaidi. Huwezi kusema kitu kimekataa jambo ambalo hukulitaka, kwa hiyo utata wote unaondoka. Mganda nawe unalo tayari: "egaanye", yaani imekataa.

Ukipenda kuiita kiyoyozi, basi ngeli ibadilike nayo: kiyoyozi hakizimiki. "Kiyoyozi haizimiki" naisikia kila siku, na kila siku inanikera.

Kuna jambo jingine. Fundi huanza kutafuta ugonjwa kwenye maneno yako kabla hajashika bisibisi, na "kutozima" kwa AC si ugonjwa mmoja. Bonyeza rimoti usikilize. Kama mashine hailii hata ule mlio mdogo wa kupokea amri, badilisha betri kwanza. Kisha funua kifuniko cha mbele: nyingi zina kitufe kidogo cha dharura. Ukikibonyeza ikatulia, AC yako inazimika vizuri kabisa, ila "rimoti haiizimi." Hesabu hizo i: ya kwanza ni ya rimoti, ya pili ni ya AC inayotendewa. Kwa mdomo ni kuvuta sauti kidogo tu, lakini ndiyo inayotenganisha mgonjwa na asiye mgonjwa.

Tofauti na hapo ni AC inayotii rimoti lakini kompresa ya nje (ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza) haipumziki usiku kucha, hata umeweka nyuzi 24. Hiyo "haijizimi." Huenda chujio limejaa vumbi, gesi imevuja, au dirisha liko wazi, na chumba hakifiki kwenye nambari uliyoweka. AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hula karibu kilowati 1 ikifanya kazi kwa nguvu zote, kwa hiyo saa kumi za namna hiyo ni kama yuniti 10 za Yaka. Ila kama ni ya inveta, usiite mtu kwa hilo peke yake: hizo hupunguza mwendo badala ya kusimama, ndivyo zilivyoundwa.

Na ikiwa umeizima, ikapuliza dakika chache kisha ikanyamaza, ilikuwa inakausha mabomba yake ya ndani. Hapo sema "haijazima", ungoje.

Inayonitia hofu ni ile ambayo sehemu ya ndani imekufa lakini ya nje inanguruma bado. Mara nyingi vile vibati vya swichi inayoiwasha kompresa vimeungua vikagandana, umeme haukatiki. Usifungue chochote, kata ukutani kama ulivyofanya, uite mtu wa umeme.

Kwa hali yako, baada ya kujaribu betri na kile kitufe, ningemwandikia hivi: "AC imekataa kuzima kwa rimoti na kwa kitufe cha ndani. Nimeikata ukutani. Njoo uiangalie." Akijibu tena kwamba umshukuru Mungu, ujue sasa ni utani mtupu.