Nipo Rongai, faili ipo Kirinyaga Road

Kijana mmoja wa Eldoret ameniandikia. Amepata kazi ya kutunza faili ya Access (programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu kwa majedwali) ya duka la jumla, anaifungua akiwa nyumbani kupitia VPN, ile njia ya siri ya intaneti ya kuingia mtandao wa ofisi, na kabla haijafunguka maharagwe yameiva. Afanyeje?

Acha kuifungua hivyo, leo leo. Faili ya Access imekaa tu kwenye folda ya pamoja. Kazi ya kutafuta na kuandika inafanywa na kompyuta yako wewe. Ukitafuta bei ya bidhaa, vipande vya faili vinavutwa kwenye intaneti mpaka kwako, na laini ikikatika ukiwa unaandika, faili inaweza kuharibika. Ingia kwa Remote Desktop, yaani uendeshe kwa mbali kompyuta iliyo pale ofisini, ufanye kazi hukohuko. VPN ikufikishe tu kwenye hiyo Remote Desktop, maana kuacha poti 3389, mlango wa Remote Desktop, wazi kwa dunia nzima ni kualika wezi.

Mimi nimetunza hivyo faili ya duka la vipuri Kirinyaga Road nikiwa kwangu Rongai. (Asiyejua jamu ya Rongai asubuhi aulize.) Mwenye duka, mzee wa heshima zake, akaanza kuona pesa zinaenda bure. "Wewe hata huonekani hapa, nakulipa ya nini?" Akamleta mpwa wake. Nikakabidhi kila kitu kwa maandishi, nikaondoka. Iliniuma, na bado inauma kidogo.

Mwisho wa mwezi mpwa akataka kubana faili kwa Compact and Repair, kazi inayotaka uwe umeishika peke yako. Akakuta wengine wamo. Badala ya kuuliza ni nani, akafungua Open Files, orodha ya faili zilizofunguliwa kwenye seva (kompyuta inayotunza faili), akawakata wote, akina dada wa kaunta wakiwa katikati ya kuingiza mauzo. Faili ikaharibika. Usiku simu ikalia: "Mwanangu, hebu tuangalilie." Mwanangu! Juzi nilikuwa mtu asiyeonekana.

Nilinakili faili kando kwanza, nikatengeneza ile nakala. Mauzo yaliyopotea yaliingizwa upya kutoka vitabu vya risiti. Siku hizi nalipwa zaidi ya zamani, na nalisema bila haya.

Sasa nyinyi vijana mnaopenda kubofya, sikilizeni. Mtu akiwa ndani, kando ya faili hutokea faili ndogo yenye jina lilelile, ikiishia na .laccdb. Ifungue kwa Notepad uone majina ya kompyuta, ila jina la aliyekwisha kutoka linaweza kuwa bado limo. Piga simu. "Dada, hifadhi utoke kidogo." Asiposhika, piga tena. Open Files ni ya kompyuta iliyozimika na kuacha faili imeshikwa, si ya kufukuzia watu walio kazini. Piga simu kwanza!

Tena gawanya faili: majedwali yabaki kwenye seva, fomu kila mtu awe na nakala yake. Na uangalie ukubwa, kwa sababu Access haivuki GB 2.

Kijana wa Eldoret, muulize tajiri wako duka linafungwa saa ngapi, kazi ya kubana faili iwe baada ya hapo. Malipo ya usiku myaandike kwenye makubaliano kabla hujaanza.