Simiti umenunua wewe, kesi ni ya nani?

Swali la jarida wiki hii lilikuwa: mtu akifanyiwa kazi ya ujenzi nyumbani kwake, na kazi hiyo ikamuumiza mtu au ikavunja sheria, anayewajibika ni fundi au mwenye nyumba? Jibu la haraka la watu wengi ni fundi. Mimi nasema mara nyingi ni mwenye nyumba, na huwa ameshawajibika kabla fundi hajashusha ndoo yake.

Nauza vifaa vya ujenzi Kisauni, kwa hiyo mlipaji namjua na mjenzi namjua. Hapa Mombasa wengi wetu hatumpi mkandarasi kazi nzima. Mwenye nyumba hununua simiti, mchanga na vyuma mwenyewe, akapatana na fundi pesa za kazi tu. Fundi huja na watu wake wa mkono, na Jumamosi jioni mwenye nyumba hutuma malipo kwa M-Pesa. Kuna wanaomtumia kila kibarua yake moja kwa moja, kwa sababu fundi aliwahi kula za wenzake. Njia hii ni nafuu na siilaumu, hata duka langu linaishi kwayo. Lakini ikitokea ajali, swali la kwanza litakuwa: mwajiri ni nani? Nani alikuwa akisema leo tuanzie jikoni, nani alilipa ujira wa siku, nani angeweza kumwambia mtu kesho usije? Kama ni wewe, utapata taabu kumweleza hakimu kwamba wale walikuwa watu wa fundi. Na zile meseji za Jumamosi zina jina lako, tarehe na kiasi.

Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Aliyeumia analipwa bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu alizembea, na kuwa kibarua wa kutwa hakumnyimi haki hiyo. Akifa au akilemaa kabisa, fidia ni mapato yake ya miezi 96. Piga hesabu. Tuseme mtu wa mkono analipwa shilingi 800 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hiyo ni 20,000 kwa mwezi, na mara 96 ni shilingi 1,920,000. Kuna nyumba nzima nimeziuzia vifaa ambazo hazikufika pesa hizo.

Mtaani kwetu kijana mmoja alianguka wakipandisha tangi juu ya stendi, mguu ukavunjika mara mbili. Fundi akazima simu siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba, mzee wa watu anayeheshimika, alinijia dukani akitaka nakala za risiti zake zote, apate kuonyesha kwamba kazi yake ilikuwa kununua vifaa tu.

"Ami," nikamwambia, "hizi risiti zitakuponza. Kila kitu hapa kimeandikwa jina lako, mpaka misumari."

Akazigeuza geuza. "Sasa binti yangu, ningeandika jina la nani?"

Jina la mkandarasi aliyesajiliwa, aliyepewa kazi kwa maandishi, na ambaye watu wake ni wake kwelikweli: anawaajiri yeye, anawalipa yeye, na bima kakata yeye. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya 2011. Inawasajili wakandarasi kwa madaraja, kuanzia NCA 1 wa miradi mikubwa hadi NCA 8, na inawasajili mafundi wenyewe na miradi pia. Jina la mkandarasi unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao ukiwa umekaa barazani. Wanaofanya hivyo ni wachache; wengi humtafuta fundi kwa kuulizia msikitini au kwenye matanga, na sisemi hapo hapapatikani fundi mzuri. Ila "shemeji yangu alimsifu" si jambo la kulitegemea mahakamani.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Sheria ya wajibu wa anayemiliki au kukaa kwenye jengo, Sura ya 34 ya sheria za Kenya, inataka mtu anayeingia kwako kihalali awe salama kwa kiasi kinachofaa. Akidhurika kwa kosa la mkandarasi, sheria hiyo hiyo inakupa pa kutokea: uwe ulikuwa na sababu ya kumpa mtu wa nje kazi ile, na uwe ulichukua hatua za maana kuhakikisha anaijua na ameifanya sawasawa. Hapo ndipo cheti cha NCA, mapatano ya maandishi na nakala ya bima vinapopata kazi. Ukiwa huna hata kimoja, pa kutokea huna.

Kuhusu kibali cha kaunti nitasema kwa ufupi, maana wengi wanalijua na wanajitia hawalijui. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kuanza ujenzi bila idhini ya kaunti ni kosa la faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kaunti inaweza pia kukupa notisi urudishe mahali palivyokuwa, yaani ubomoe kwa pesa zako. Kosa ni la aliyeanzisha ujenzi, na hapo hutamsukumia fundi. Kupaka rangi hakuna atakayekuuliza. Kuongeza ghorofa, ndiyo. Na hata bila kuongeza tofali, kukigeuza chumba cha mbele kuwa duka, au nyumba ya familia kuwa ya wageni wa kulala siku mbili tatu, ni kubadilisha matumizi, na kunahitaji idhini.

Halafu kuna jambo letu la Pwani ambalo vitabu vya Nairobi hulipita. Majengo, Likoni, Changamwe na hata huku kwetu, watu wengi nyumba ni yao lakini ardhi si yao. Wanalipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba, na mapatano mengine yalifanywa na babu zao kwa mdomo. Mtu kama huyo akitaka kuivunja nyumba ya udongo na makuti ili apandishe ya mawe, kaunti itaomba karatasi za ardhi, naye hana. Wengi huanza hivyo hivyo, usiku usiku, wakitarajia ukuta ukishafika linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, hakuna atakayeubomoa. Mwenye shamba akienda mahakamani kudai kwamba mapatano yalikuwa ya nyumba ya chini tu, mwenye nyumba atajibu nini? Nimeona mtu akipoteza akiba ya Uarabuni yote kwa njia hiyo. Barua ya mwenye shamba, iliyotiwa saini mbele ya wakili na kutaja ghorofa ngapi na za nini, itafutwe kabla ya ramani. Akikataa kuandika, umeshajua msimamo wake na simiti bado iko kwangu dukani.

Mji wa Kale una mambo yake. Ni eneo la hifadhi, na kabla ya kugusa roshani, mlango wa nakshi au ukuta wa mbele, unapitia ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, pamoja na kupitia kaunti. Wenye nyumba hulalamika kwamba wanacheleweshwa, na malalamiko mengine ni ya haki. Lakini nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa huuacha ukuta upumue. Ukizipiga plasta ya simiti, unyevu unafungiwa ndani na boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Sheria na ufundi mara hii zinasema jambo moja, hata kama mimi ndiye ninayekosa wateja.

Nimeliacha suala la jirani mwisho kwa sababu ndilo linalozua ugomvi mkali zaidi. Viwanja vyetu vimebanana, kuta zinakaribia kugusana. Unachimba msingi au shimo la choo, na wiki ya pili ukuta wa jirani una ufa wa kuingiza kidole. Unamwambia, "Zungumza na fundi." Mpwa wangu ambaye ni wakili alinieleza kesi ya Uingereza ya 1876, Bower dhidi ya Peate. Mwenye nyumba alimpa mkandarasi kazi ya kuvunja na kujenga upya, na mkandarasi akaahidi kuiegemeza nyumba ya jirani na kulipa hasara yoyote. Nyumba ya jirani ikaharibika, na mahakama ikaamua kwamba mwenye nyumba ndiye anayewajibika: kazi yenye hatari kwa jirani inamlazimu anayeiagiza ahakikishe tahadhari imechukuliwa, na kumkabidhi mwingine wajibu huo hakumwondolei. Nikamwambia hiyo ni ya Waingereza, inatuhusu nini? Akacheka. Sheria yetu ya mahakama, Sura ya 8, inaagiza mahakama za Kenya zifuate kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale ambapo sheria zetu hazijasema vingine na mazingira yetu yanaruhusu.

Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza, mwite jirani na simu yako. Pigeni pamoja picha za ukuta wake, nje na ndani, nyufa za zamani zote zionekane na tarehe iandikwe. Jirani mwema hatachukia. Yule mkorofi ndiye unayemhitaji zaidi kwenye picha hizo, maana kesho atadai ufa wa mwaka juzi ni wako.

Najua nitakachoambiwa: mkandarasi aliyesajiliwa ni ghali, na mimi nataka choo kimoja tu. Sawa, mchukue fundi wa mtaani. Ila kubali kwamba hapo mwajiri ni wewe, ukakate bima ya fundi na watu wake wa mkono kwa muda wa kazi, na uandikishane na fundi kwenye karatasi moja kazi ni ipi, mwisho lini, na pesa zinatoka kwa awamu gani. Kazi ya stima mpe mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, peke yake, si fundi wa mawe anayejua kuunga nyaya. Asilimia 10 ya pesa za kazi baki nayo mpaka mvua moja ya masika ipite juu ya paa hilo. Fundi akikataa sharti hilo kabla hajaanza, mimi namtafuta mwingine.