Halmashauri ilinikata, ZSSF haina taarifa: nimdai nani?

SUALI

Assalamu alaykum ndugu mkaguzi. Mimi ni mstaafu, miaka 61, nipo Pemba. Nilianza kazi ya usafi katika halmashauri moja huku kwetu, nikamalizia udereva wa gari la taka. Nilipokwenda ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) kufuatilia mafao, taarifa yangu ya michango ilikuwa na mapengo ya miezi 14, na si mfululizo: mwezi upo, miwili haipo. Slipu za mshahara ninazo, zote zinaonesha nimekatwa. Halmashauri wananambia nisubiri, ZSSF wananambia nirudi kwa mwajiri. Mwanangu yupo Chicago, anasema huko mji mzima unadaiwa na wastaafu, na jela nayo ni ya serikali ya mtaa, watu wanaishitaki na inalipa. Jee, na huku naweza kuishitaki halmashauri?

La pili, mtoto wa ndugu yangu alilala siku nne kituo cha polisi, kisha akapelekwa Mafunzo, yaani jela ya huku Zanzibar, rumande. Anasema chumba kimejaa na vijana wamechanganywa na watu wazima. Nilikwenda kwa diwani, kanambia hayo hayamhusu. Kweli hayamhusu?

JIBU

Wa alaykumu salaam, na shikamoo mzee wangu. Umekuja na madai mawili umeyafunga fundo moja. Nitalifungua, maana mlango wa kupigia hodi kwa la kwanza si mlango wa la pili, na diwani wako kakujibu nusu.

Tuanze na mapengo. Kabla hujamtia mtu makosani, jua kwanza kama pesa haikufika au ilifika ikapotea njia. Mwajiri huupelekea mfuko, yaani ZSSF, vitu viwili: pesa, na orodha inayosema pesa hii ni ya nani na nani. Orodha ikiwa na kasoro, mfuko unapokea pesa lakini haujui umwekee nani, inakaa kwenye akaunti ya kusubiri. Na kwetu Pemba hilo halina taabu kutokea. Halmashauri moja inaweza kuwa na Kombo Hamad Kombo, Hamad Kombo Hamad na Hamad Hamad Kombo, na wawili kati yao madereva. Karani akikosea tarakimu moja ya nambari ya uanachama, michango yako inamnenepesha mwenzako.

Kwa hiyo ukirudi pale dirishani usiulize "mbona sina michango?" Uliza: "Kwa mwezi huu hasa, mwajiri wangu alileta pesa za wafanyakazi wake au hakuleta?" Wakisema alileta, shida yako ni ya majina na itatatuliwa kwa kitambulisho cha Mzanzibari na subira. Wakisema hakuleta hata senti ya mtu yeyote, shida ni kubwa zaidi na si yako peke yako.

Mimi nakhofia ni hilo la pili. Kosa la jina huanza siku moja likaendelea moja kwa moja mpaka lirekebishwe. Mapengo ya kuruka-ruka, mwezi upo miwili haipo, ni alama ya mwajiri anayelipa akipata.

Niliwahi kukagua halmashauri moja, jina nalihifadhi. Kitabu cha fedha kilionesha michango yote imelipwa, hundi na nambari zake. Taarifa ya benki haikuzionesha hundi hizo. Hundi ikiandikwa leo na benki isiione wiki mbili, si kitu. Isipoonekana mwaka mzima, kuna jambo. Nikamuuliza mhasibu. Hakubabaika. Akavuta mtoto wa meza, akatoa hundi tisa zimefungwa mpira, zote zimesainiwa na watu wawili kama inavyotakiwa. Hakuna iliyotoka nje ya chumba kile. Ya chini kabisa ilikuwa imepita mwaka, na hundi ikipita miezi sita benki haiipokei tena. Akanambia: "Zingetoka, zingerudi. Pesa ilikwenda kwenye dizeli ya gari la taka."

Nilipofika kwenye barua yako, pale uliposema kazi yako ya mwisho, nilimkumbuka yule bwana. Huenda dizeli uliyokuwa ukitia ndiyo pensheni yako.

Sasa, kisheria. Mchango una sehemu mbili: unayokatwa wewe na anayoongeza mwajiri. Akishindwa kulipa ya kwake, ana deni. Lakini ile aliyokukata wewe haikuwa yake tangu siku ya mshahara. Aliishika kwa amana, kama mtu uliyempa pesa akulipie umeme akaenda kununua samaki. Ndiyo maana jawabu la "subiri bajeti" halitoshi. Pesa hiyo ilishawahi kuwamo kwenye bajeti, ilishatengwa kwa jina lako, na mtu fulani alitia saini ipelekwe pengine.

Wala jawabu la ZSSF la "rudi kwa mwajiri" halijakamilika. Mfuko ulioundwa kwa sheria ya 1998 haukuachwa uombe kama sheha anayekusanya mchango wa harusi. Unaweza kutuma wakaguzi wakafungua vitabu vya mwajiri, na unaweza kumfikisha mahakamani. Anayeidai halmashauri michango hiyo, kwanza kabisa, ni mfuko wenyewe. Kazi yako wewe ni kuupa ushahidi na kuhakikisha hausinzii.

Andika barua moja kwa ZSSF, nakala kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Taja kila mwezi uliokosekana, ambatanisha kopi ya slipu ya mwezi huo, na uombe mambo mawili: mfuko ukague hesabu za mwajiri kwa kipindi hicho, na ukujibu kwa maandishi. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Asili za slipu usimwachie mtu, hata akiwa mkarimu vipi. Kwa wenzako ambao slipu zao zimeliwa na mchwa: taarifa ya benki peke yake huonesha pesa iliyoingia mkononi tu, haioneshi makato, kwa hiyo iwekwe pamoja na barua ya ajira yenye mshahara kamili, tofauti ionekane. Tena waombe nakala ya orodha ya mishahara ya mwezi ule. Barua ya watu kumi huwa haipotei kirahisi kama ya mtu mmoja.

Kumshitaki mwajiri mahakamani wewe mwenyewe inawezekana, lakini iwe hatua ya baadaye na uwe na mwanasheria, kwa sababu kesi dhidi ya serikali zina taratibu zake za kutoa notisi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina afisi Chake Chake, na wasaidizi wa sheria wapo majimboni.

Hapa ndipo diwani anapoingia, na hapa hana pa kukimbilia. Halmashauri na mabaraza ya miji yanaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2014, na bajeti hupita mikononi mwa madiwani. Muulize: kwenye hesabu za mwisho wa mwaka, deni la ZSSF limeandikwa ukurasa gani? Usishangae akikosa la kusema, kwa sababu deni la aina hii lina tabia ya kujificha. Hesabu zikiandikwa kwa fedha taslimu tu, kinachoonekana ni kilichoingia na kilichotoka. Ambacho kilipaswa kutoka kikabaki hakina mstari wake, labda kitajwe kwenye maelezo ya nyuma ambayo hakuna anayeyafikia. Zikiandikwa kwa mfumo unaotambua deni siku linapozaliwa, lazima lionekane upande wa wadai. Atafute maneno "makato yasiyowasilishwa" au "wadai wengineo". Hilo "wengineo" ni neno la kulichungulia sana.

Juu ya diwani kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Zanzibar, ambaye ripoti zake hufika Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, na kamati za hesabu za Baraza zinaweza kumwita mkurugenzi ajieleze. Nakala ya barua yako kwa Mwakilishi wa jimbo si usumbufu, ni kazi yake. Pakionekana pesa ilichepuliwa kwa manufaa ya mtu, hilo linakwenda ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi Zanzibar. Lakini usianze kwa kulalamikia rushwa kabla hujajua. Dizeli ya gari la taka ni makosa, ila si lazima iwe wizi.

Na Chicago? Mwanao kasema kweli, lakini deni lao si kama lako. Mji ule una mifuko minne ya wafanyakazi wake: polisi, zimamoto, watumishi wa manispaa na vibarua. Upungufu wake umepita dola bilioni 30. Hiyo si pesa iliyokatwa ikalala kwenye mtoto wa meza. Ni hesabu ya watakwimu bima: wanajumlisha pensheni zote zilizoahidiwa kwa miaka mingi ijayo, wanaondoa kilichopo, na pengo linaitwa deni. Lilikua kwa sababu kwa miongo mingi sheria ya jimbo iliruhusu mji kuchangia chini ya kiasi kilichohitajika. Katiba ya Illinois ya 1970 inasema pensheni ya mtumishi wa umma ni mkataba, haipunguzwi. Ndiyo maana mahakama kuu ya jimbo ilizifuta sheria za kupunguza mafao mwaka 2015 na tena 2016. Detroit, iliyofilisika Julai 2013, hawakupata kinga hiyo: wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni yao.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo hapo tu, Bara. PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ulipokea watumishi waliofanya kazi kabla ya Julai 1999 bila ya kuchangia, ukawalipa kamili, na serikali ikabaki inadaiwa miaka na miaka, mpaka ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo kwa PSSSF, mfuko uliorithi PSPF. Hilo ni deni la ahadi, na lako ni la makato. La ahadi hujadiliwa na mabunge. La makato unamwendea aliyetia saini.

Pensheni Jamii usiichanganye humu. Ile iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70 hutolewa na serikali kwa ajili ya umri, haitazami ulichangia au hukuchangia. Utaipata, inshallah, ukifika.

Sasa kijana wetu. Diwani kasema kweli kwamba jela si yake. Chicago jela ni ya kaunti, ya Cook, na msimamizi wake ni sherifu, mkuu wa usalama wa kaunti, anayepigiwa kura. Wizara ya sheria ya Marekani ilipotoa ripoti mbaya juu ya hali ya jela hiyo mwaka 2008, kaunti ndiyo iliyobanwa, na 2010 ikafunga makubaliano chini ya mahakama. Kwetu mlango umegawika. Mahabusu ya kituo cha polisi ni ya Jeshi la Polisi, na polisi ni jambo la Muungano. Ukishavuka geti la Chuo cha Mafunzo umeingia Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ): Mafunzo ni Idara Maalum, yaani kikosi cha SMZ, kama KMKM na JKU. (Wageni wanalipa boti kwenda Changuu kupigia picha jela ya 1893 ambayo haikuwahi kufunga mhalifu; zile zenye watu hakuna anayeziulizia.)

Hata hivyo, Idara Maalum hizo ziko wizara moja na serikali za mitaa: Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa, Serikali za Mitaa na Idara Maalum za SMZ. Ndiyo wizara ya huyo huyo diwani. Hana ufunguo, lakini anajua anakokaa mwenye ufunguo, na barua ya kukuelekeza angeweza kukuandikia.

Siku nne za kituoni ni malalamiko dhidi ya polisi. Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa aliyoingizwa imeandikwa kwenye kitabu cha kituo. Mwambie wakili wake akiulizie kitabu hicho, asibishane kwa kumbukumbu. Msongamano na kuchanganywa ni malalamiko dhidi ya Mafunzo. Mwaweza kuyapeleka yote mawili kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo mamlaka yake yanafika pande zote mbili na ina ruhusa ya kuingia magerezani kutazama. Ila Tume haigusi shauri lililoko mahakamani, kwa hiyo andikeni juu ya chumba, maji, malazi na idadi ya watu. Kosa analoshitakiwa msilitaje kabisa.

Na hukunambia umri wake. Kama hajafika miaka 18, acha yote niliyosema uanze na hili: Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 haitaki achanganywe na watu wazima, na kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto. Chukueni cheti cha kuzaliwa mumpelekee hakimu siku ya kutajwa kesi. Cheti kikiwa hakipo, kadi ya kliniki au rejista ya skuli, na mama yake awepo pale mahakamani.