Somo la blogu na mitandao ya kijamii chuoni: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha uandishi wa habari hapa Mwanza, mwaka wangu wa pili kazini. Muhula ujao nimepangiwa somo la blogu na mitandao ya kijamii. Wanafunzi ni 60, muhula una wiki 15, maabara ina kompyuta 12 na intaneti ya chuo hukatika mara kwa mara. Mtaala unasema tu kwamba mwanafunzi aweze kuendesha blogu na kurasa za mitandao. Nilifikiria kila mmoja afungue blogu yake na akaunti ya Instagram, halafu nitoe alama kwa kuangalia idadi ya posti na wafuasi. Mkuu wangu wa idara naye anahofia suala la leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Naomba mwongozo.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo la wafuasi, maana ndipo nilipokosea mimi. Darasa langu la kwanza la somo hili nililipa alama kwa laiki na wafuasi. Kufikia wiki ya nne wanafunzi walikuwa na kundi la WhatsApp la kulaikiana, na aliyeongoza darasa ni kijana aliyenunua wafuasi kwa shilingi elfu kumi. Binti aliyekuwa akidamka alfajiri kwenda kuuliza bei za samaki, akaziandika kwa uangalifu, nilimpa alama za wastani. Nilimwonea, na yeye alijua nimemwonea. Tangu hapo sitoi hata alama moja kwa namba ambayo mtu anaweza kuinunua.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba somo lako lisimame juu ya kazi ambayo mwanafunzi ataibeba hata mtandao ukibadilika: kuchagua jambo moja la kufuatilia, kuliandikia mara kwa mara, kuhaririwa, kukiri kosa mbele ya wasomaji na kumjibu anayeuliza. Instagram, Facebook na TikTok ziwe milango ya kupeleka kazi hiyo. Milango yenyewe huja na kuondoka. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ulifungwa 2019. Twitter iligeuka X mwaka 2023, na Mei 2025 ikafungiwa hapa Tanzania. Mkufunzi aliyekuwa amepanga wiki tano za X muhula huo alibaki na ubao mtupu. Wala usiwaambie wanafunzi wapite kwa VPN, ile programu ya kuzunguka kizuizi, ili kipindi kiendelee, kwa sababu Oktoba 2023 TCRA ilitoa agizo la watumiaji wa VPN kujisajili. Usiwaingize kwenye matatizo kwa ajili ya zoezi la darasani.

Sasa vifaa. Kompyuta 12 zinakutosha kabisa, kwa sababu unahitaji moja tu. Ichague iwe laptopu, betri yake itakuokoa umeme ukikatika. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla wakati watu wanahifadhi kazi, kanzidata, yaani hifadhi ya maandiko yote, huweza kuharibika. Ipakie XAMPP, programu inayoigeuza kuwa seva, yaani kompyuta inayohudumia vifaa vingine, kisha ipakie WordPress, programu ya kuendeshea blogu, juu yake. Zote mbili ni bure, na intaneti ya chuo utaihitaji siku hiyo moja tu. Iunganishe na ruta ya Wi-Fi. Ruta hiyo haihitaji bando. Wanafunzi wanajiunga na Wi-Fi kwa simu zao, wanaandika kwenye kivinjari anwani ya laptopu, tuseme 192.168.1.50, na tovuti ya darasa inafunguka bila senti ya data.

Kuna mambo matatu yatakayokusumbua siku ya kwanza, na yote niliyapitia kwa jasho. La kwanza ni anwani. WordPress ikipakiwa kwa namna hii hujitambua kwa jina la "localhost", na simu ya mwanafunzi ikisikia "localhost" hujitafuta yenyewe, hivyo ukurasa unakuja umevunjika au hauji kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya jumla, kwenye zile sehemu mbili za anwani ya tovuti, uandike namba ya laptopu badala yake. Halafu ingia kwenye ruta uitengee laptopu namba hiyo, la sivyo kesho itapewa nyingine na utaanza upya. La pili ni ngome ya Windows, ile Firewall, ambayo huzuia simu zisiifikie seva. Iruhusu Apache, ile sehemu ya XAMPP inayotoa kurasa, ipite. La tatu ni simu zenyewe. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti, nyingi hukimbilia data ya mtandao wa simu kimyakimya, na mwanafunzi anakwambia tovuti haifunguki. Wazime data kabla ya kuanza. Ruta ya kawaida ya nyumbani pia hulemewa na simu 60 kwa pamoja, kwa hiyo gawa kipindi mara mbili. Kila Ijumaa nakili folda ya WordPress pamoja na kanzidata kwenye flashi mbili, moja ikae kwako na nyingine idarani.

Faida kubwa ya WordPress kwa mwalimu ni ngazi za watumiaji, na hapa ningekaa wiki nzima. Kila mwanafunzi mpe ngazi ya Mchangiaji. Mchangiaji anaandika rasimu na kuiwasilisha, lakini hawezi kuichapisha, hawezi kupakia picha, na andiko lake likishachapishwa hawezi tena kuligusa. Wanafunzi watalalamika. Waache walalamike, kwa sababu kizuizi hicho ndicho chumba cha habari chenyewe. Picha inampitia mhariri, na mhariri anauliza: umepiga wewe? huyu mtu amekubali? Kosa likigundulika baada ya kuchapishwa, mwandishi lazima arudi kwa mhariri na kueleza nini kirekebishwe, na marekebisho yanaandikwa chini ya andiko na tarehe yake. Ngazi ya Mhariri inazunguka.

Kwa wanafunzi 60 ningefanya vyumba sita vya habari, yaani makundi ya watu kumi kumi. Wiki ya kwanza ni ya kupanga na kujaribu mitambo. Wiki 14 zinazobaki kila mwanafunzi anaandika kila baada ya wiki moja, yaani maandiko saba kwa muhula. Kila chumba kinatoa maandiko matano kwa wiki, na mhariri wa zamu anayamudu. Zamu 14 kwa watu kumi zinamfikia kila mmoja, wengine mara mbili. Wewe unapokea maandiko 30 kwa wiki badala ya 60, na hata hayo usiyasahihishe yote kwa kalamu nyekundu. Yapitie, weka alama ya kwamba yamefika, kisha mwisho wa muhula kila mwanafunzi achague matatu anayoyasimamia. Hayo ndiyo utakayoyasoma neno kwa neno.

Katika mia, ningetoa 40 kwa maandiko hayo matatu na 25 kwa namna alivyoyaboresha. WordPress hutunza kila toleo la andiko lililohifadhiwa, na unaweza kulinganisha la kwanza na la mwisho mistari ikiwa imewekewa rangi. Mwambie mwanafunzi aandike humo humo, maana akinakili kazi iliyokamilika kutoka WhatsApp hutaona safari yake. Zamu ya uhariri 20. Kumi na tano zilizobaki ni za kuwajibu wasomaji na kukiri makosa. Aliyekosea akasahihisha vizuri apate zaidi ya yule ambaye kosa lake aliliona mwingine akanyamaza. Idadi ya walioufungua ukurasa muijadili darasani kwa sababu ni taarifa muhimu kwa mhariri, ila isiingie kwenye daftari la alama.

Jambo la kufuatilia liwe karibu na dogo. Uko Mwanza, una bahati. Mmoja achukue bei ya dagaa Mwaloni Kirumba kwa miezi mitatu, mwingine daladala za Nyegezi, mwingine maji katika mtaa mmoja wa mlimani. Anayesema atafuatilia "siasa" au "mitindo" ataishia kunakili. Anayefuatilia dagaa, wiki ya tano wachuuzi watakuwa wanamtambua kwa sura, na wiki ya nane watampigia simu wenyewe. Hapo ndipo anaelewa blogu ni nini, kwa mwili wake.

Wape pia historia ya kwetu. Wanafunzi wengi hudhani mambo haya yalianzia kwa mastaa wa Instagram. Waambie kwamba Ndesanjo Macha alikuwa akiblogu kwa Kiswahili mwaka 2004 katika Jikomboe, kwamba Issa Michuzi alianza blogu yake ya picha mwaka 2005, na kwamba jukwaa lililokuja kuitwa JamiiForums lilianza 2006. Kipindi kimoja kinatosha, lakini kisikosekane.

Kuhusu leseni, mkuu wako ana haki ya kuuliza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, na ada za wakati ule zilivuka shilingi milioni mbili, ndiyo maana watu bado wana hofu. Ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2021 na 2022, kwa hiyo msijadiliane kwa kumbukumbu za 2018. Habari na matukio ndilo eneo linalodai leseni, na chuo cha uandishi hakiwezi kukwepa kuligusa eneo hilo. Tovuti iliyo ndani ya laptopu yako, isiyofikiwa na mtu wa nje, hailishi umma chochote. Anzeni hapo kwa wiki nane. Wakati huo chuo kiiandikie TCRA barua, kieleze ni kazi ya mafunzo, na mkipata jibu la maandishi ndipo mfungue kazi teule kwa umma kwa jina la chuo, siyo kwa majina ya wanafunzi mmoja mmoja.

Kuna sababu nyingine ya kuanza ndani, na hii inaniuma bado. Mwanafunzi wangu mmoja alirusha video ya mama akigombana na kondakta kituoni. Sura ilionekana vizuri. Tuliifuta baada ya saa chache, lakini ilikuwa imeshapita kwenye makundi, na mama yule alikuja kuchekwa sokoni kwake. Hakuna alama ya chuo inayostahili hayo. Tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Zisomeni zote mbili darasani wiki ya pili, vifungu vinavyowahusu, kwa sauti. Na mwanafunzi ambaye hataki jina lake liwe mtandaoni apewe jina la kalamu bila kuulizwa sababu.

Hukuniuliza kuhusu akili unde (AI), lakini utakutana nayo wiki ya kwanza. Sijaona programu ya kugundua maandishi yake ninayoweza kuiamini kumwadhibu mtu. Mimi humwita mwanafunzi nikamwuliza: ulisimama upande gani wa soko? nani alikutajia bei hiyo? alikuwa ameshika nini? Aliyekwenda hujibu kabla sijamaliza swali.

Kabla muhula haujaanza, chukua simu kumi za wenzako wa idara, muingie wote kwenye tovuti kwa wakati mmoja na kila mmoja ahifadhi rasimu. Kisha chomoa laptopu kwenye umeme mkiwa katikati ya kazi, na ruta pia, uone nini kinabaki. Ruta ikizimika kila mtu atatoka, kwa hiyo itafutie chanzo kingine cha umeme mapema. Pawabenki yenye volti inayolingana na ya ruta yako inatosha kwa kipindi kimoja.