Gari dogo la kulala: kazi za kila siku na safari

Mama, nimekuelewa: unataka gari moja tu, libebe watoto shuleni hapa Lubumbashi juma nzima, na siku za mapumziko mlale ndani yake upande wa Likasi. Inawezekana. Sisi tunafanya hivyo na Toyota Noah, mwaka wa nne sasa.

Kitanda usikichomelee. Chetu ni mbao tatu na godoro la sponji lililokatwa vipande viwili. Jumapili jioni vinatoka, viti vinarudi, kila mtoto anapata mkanda wake. Kabla ya kulipa, lazeni viti, wewe na bwana mjinyooshe humo, mlango ufungwe. Usimwonee muuzaji haya.

Friji usiiunganishe na betri ya kuwashia gari, asubuhi halitawaka. Fundi umeme aweke betri ya pili yenye fyuzi yake.

Ninachokuomba sana ni kuhusu mbabula, lile jiko la makala (makaa). Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi huku kwetu, na mtu hushawishika kuiingiza ndani. Usithubutu, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. Chukueni blanketi nzito, dirisha libaki wazi vidole viwili. Mkiamka na kichwa kizito na kichefuchefu, tokeni nje wote, mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu.

Mvua zikianza, Novemba hivi, msiache lami: gari hili liko chini mno. Breki zikaguliwe garaji kabla ya kila safari yenye mzigo.